Uwanja wa ndege wa Dubai (DXB): kule haitwi mtu. Njooni tuelekezane kabla hamjaachwa

BintiKariakoo (mleta mada) · #1

Wakuu, salaam.

Juzi narudi kutoka Dubai nilikaa siti moja na kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Chakula kimeletwa, hakugusa. Nikamuuliza, mdogo wangu una msiba? Akaniambia bora ungekuwa msiba, ningechangiwa. Alikuwa anaunganisha kwenda Guangzhou. Kalipa tiketi, kalipa hoteli, kaachwa na ndege huku amekaa hatua hamsini kutoka getini kwake. Alikuwa anasubiri atangazwe. Hela ya kubadilisha tiketi hana, ikabidi ageuze nyumbani.

Sikumcheka. Mwaka 2013 yalinikuta hayo hayo, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nimesinzia na mkoba kifuani.

Mimi nauza mashuka na mapazia, Deira (mtaa wa biashara wa Dubai) naenda mara tatu au nne kwa mwaka. Sijasomea mambo ya ndege. Nitaandika nilichokiona kwa macho, mwenye kujua zaidi anirekebishe bila matusi.

La kwanza, na hata ukiishia hapa imetosha: Dubai hawaiti abiria kwenye spika. Sisi tumezoea jina linasomwa, tena mara tatu, mpaka mtu anatolewa kantini. Pale wameamua uwanja uwe kimya. Kila kitu kiko kwenye skrini. Usitegemee kondakta wa kukupigia "Gongo la Mboto, Gongo la Mboto!" Kila nusu saa inuka, nenda kwenye skrini, tafuta namba ya ndege yako, angalia geti. Geti lililochapwa kwenye bodingi pasi linaweza kubadilika ukiwa unakunywa chai, na hakuna atakayekuja kukugusa bega.

La pili ni herufi. Uwanja una terminali tatu. Ya 1 na ya 3 ziko upande mmoja, ya 2 iko ng'ambo ya pili ya njia za kurukia, lazima uzunguke kwa barabara. Terminali 3 ndiyo nyumba ya Emirates, ilifunguliwa 2008, na mageti yake ni A, B na C. Terminali 1 ni ya mashirika mengi ya nje, Kenya Airways na Ethiopian mtawakuta huko, na mageti yake ni D. Terminali 2 ndiko flydubai wanakofanyia safari nyingi, ingawa nyingine huondokea Terminali 3. Mageti ya 2 ni F.

Sasa hizo herufi si mapambo. Ukitoka Terminali 3 kwenda A unapanda treni ndogo ya ndani. Kwenda B unatembea, C unatembea zaidi, na viatu virefu utavishika mkononi. Mageti ya D nayo yana treni yake kutoka Terminali 1. Ukiona A kwenye skrini na wewe uko C, usiseme "nimalizie kahawa." Inuka.

La tatu, Emirates wanafunga geti dakika 20 kabla ya saa ya kuondoka. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kuanza kusogea. Wewe saa yako ni ile ya kuanza kupanda.

Nitaendelea na mizigo, ngoja nihudumie mteja.

Msafiri Kafiri · #2

Nimevuta kigoda, nipo mbele kabisa. Dada endelea.

Nyongeza ndogo ili watu waelewe ukubwa. Mwaka 2024 pale walipita abiria milioni 92.3. Chukua Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, kisha nusu yao warudie foleni tena. Halafu wewe unataka uitwe kwa jina.

FundiSaa · #3

Mleta mada kagusa saa, mimi naomba niichimbe kwa sababu ndiyo kazi yangu (nakata tiketi, na simu za vilio zote zinaanzia kwangu).

Ndege nyingi Dubai zinaondoka usiku mkubwa. Tiketi inaandika 02:15, tarehe 14. Kwetu sisi hiyo ni saa nane na robo usiku, na usiku wenyewe ni wa kuamkia tarehe 14. Sasa mtu anajisemea "nasafiri usiku wa tarehe 14", analala vizuri, anashinda sokoni tarehe 14 mchana kutwa, jioni anaaga watu, anafika kaunta saa nne usiku na keki mkononi. Ndege yake iliondoka alfajiri ya siku hiyo hiyo akiwa amelala. Nimeshapata wateja watatu wa namna hii, mmoja ni mwalimu wa hesabu.

Dawa yake: chochote kilichoandikwa 00, 01, 02, 03 au 04, unatakiwa uwe umeshafika uwanjani tarehe ya nyuma yake. Tiketi ya tarehe 14 saa 02:15, wewe unatoka hotelini tarehe 13 saa nne usiku. Mimi siku hizi nawaandikia wateja kwa kalamu juu ya karatasi: "TOKA HOTELI JUMATATU USIKU BAADA YA ISHA."

Na msisahau Dubai wako mbele yetu saa moja. Simu nyingine hazijibadilishi zenyewe mpaka ziunganishwe na mtandao. Ukifika washa waifai ya uwanja, ni ya bure.

Jirani254 · #4

Hamjambo wapwa. Mimi niko Nairobi. Nimepata kazi Ulaya na nimenunua tiketi mbili kando kando kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi: Nairobi hadi Dubai na Kenya Airways, halafu flydubai kutoka Terminali 2. Katikati nina saa tano. Viza ya Ulaya ninayo, ya Emirati (nchi yenye huo mji wa Dubai) sina. Nitatosha?

KichwaNgumu · #5

Utatosha na utabaki na muda wa kulala. Ukiwa transiti huhitaji viza, chini ya saa 24 unakaa ndani bure. Na kuna basi la bure kutoka terminali moja kwenda nyingine, nimelipanda mwenyewe. Msitishe watu.

BintiKariakoo · #6

KichwaNgumu, usimpoteze mtoto wa watu. Basi lipo, kweli. Ulilipanda kwa sababu safari zako zilikuwa kwenye tiketi moja na mzigo wako ulikwenda wenyewe mpaka mwisho. Jirani ana tiketi mbili zisizojuana.

Jirani, sikiliza. Siku ya kuchekini Nairobi, angalia ile karatasi ndefu wanayobandika kwenye begi. Ikiwa na herufi za mji unakokwenda mwisho, pumua. Ikiandikwa DXB peke yake, begi lako litatokea kwenye mkanda wa kupokelea mizigo, na mkanda uko NJE ya uhamiaji. Bila viza hulifikii. Wewe uko ndani, begi liko nje, mnatazamana kwa mawazo.

Kuna viza ya transiti: ya saa 48 ni ya bure, ya saa 96 ni dirham 50 (pesa yao), na wakala anaweza kuongeza ada yake. Lakini huombwa kabla hujasafiri, na inapitia shirika la ndege la Emirati yenyewe. Kwa hiyo ongea na hao flydubai mapema, usiwaulize Kenya Airways. Au ubebe begi la mkononi tu, uchekini ndege ya pili mtandaoni, na hata hapo uwapigie kwanza uwaulize kama watakupokea kwenye dawati la transiti. Wakisita, kata viza.

Na hizo saa tano zikiharibika saa mbili Nairobi, shirika la pili halina deni na wewe. Tiketi mbili ni ndoa mbili, hazisaidiani.

Jirani254 · #7

Ai! Na vile nilikuwa nimefunga sanduku la kilo 23. Asante dada, kesho asubuhi napiga simu.

Mpemba wa Maskati · #8

Assalaam alaykum ami zangu. Hebu nami nitie neno, nipo huku Oman miaka mingi na DXB napita sana nikipeleka na kupokea wageni.

Kwanza hakikisheni mnakwenda uwanja gani. Watu wanasema "Dubai" kama kwamba ni mmoja. Kuna DXB huu tunaouzungumza, na kuna DWC, Al Maktoum, uko kule Jebel Ali mbali na mji, ulianza kupokea abiria 2013. Huo ndio wanaoujenga uje uwe mkubwa kabisa, mwaka 2024 walipitisha jengo jipya la dirham bilioni 128. Na kuna SHJ, Sharjah, ambako ndiko makao ya Air Arabia. Sharjah ni jirani lakini jioni ile barabara haipitiki kwa foleni. Nimempokea mtu DXB, naye ananipigia kuwa kesha fika zamani, yupo Sharjah.

Pili, na hili naomba mlichukue: Kiswahili pale kinajulikana. Sisi wenyewe Waomani wa asili ya Unguja na Pemba tumejaa humo, na hata katika wenyeji wapo waliolelewa na bibi wanaosema Kiswahili. Nimesimama foleni ya uhamiaji nyuma ya vijana wawili wanamsema afisa, kanzu yake, na tumbo lake. Yule bwana akagonga mihuri yote miwili, akawarejeshea pasi zao, akawaambia, "Karibuni, na chakula nitapunguza." Sijawahi kuona watu wakitembea upesi vile.

Msafiri Kafiri · #9

😂😂 Hapo ningeomba nirudishwe kwetu.

BintiKariakoo · #10

Nimerudi. Mizigo.

Wafanyabiashara wenzangu, lile begi letu la shangazi kaja ukilijaza mpaka likawa kama kiroba cha mahindi, Dubai linaweza kukataliwa. Tangu Machi 2017 uwanja una kanuni kwamba kila mzigo uwe na angalau upande mmoja uliolala bapa. Mitambo yao ya mikanda ina urefu wa kilometa na kilometa, na mzigo wa duara unabiringika, unaziba njia, mabegi ya watu wengine yanachelewa. Sasa mwanamke umetoka sokoni Naif, hapo Deira, na bunda la mapazia umelifunga kamba likawa mpira, unafika kaunta wanakwambia nenda kafunge upya, na kufungiwa boksi pale ni kwa kulipia. Nunua katoni Deira, mapazia yapange yalale, funga na gundi pana. Juu andika jina na namba ya simu kwa wino mnene. Katoni za watu wote zinafanana.

Mzigo mkubwa kweli msibebe na ndege. Pelekeni kwa mawakala wa kago hapo hapo Deira, nyie rudini na sampuli na zawadi.

Kodi: Dubai wanatoza VAT ya asilimia 5, na mtalii anarudishiwa sehemu kubwa yake akiondoka, si yote. Risiti iwe ya dirham 250 au zaidi, duka liwe kwenye mpango huo, na umwambie muuzaji wakati wa kulipa, akuandikie kwa pasipoti. Uwanjani unakwenda kwenye mashine za Planet (kampuni inayorudisha hiyo kodi) KABLA ya kukabidhi begi kaunta, kwa sababu wanaweza kutaka kuona bidhaa. Wengi tunakumbuka tukiwa tumeshapita uhamiaji, mikono mitupu, risiti zimejaa pochi.

Pesa taslimu: kuingia au kutoka na thamani ya dirham 60,000 na kuendelea unatakiwa utoe taarifa forodha. Hiyo ni kama dola 16,300. Na kwetu Tanzania kikomo ni dola 10,000, kwa hiyo anza kutaja Dar kabla hujafika kwao. Kutaja si kosa na hawakunyang'anyi. Kuficha ndiyo kesi.

Kubadilisha fedha: dirham imefungwa kwenye dola, 3.6725, haipandi haishuki. Hivyo hesabu iko kichwani: dola 100 ni dirham 367. Duka la fedha likikupa 340, umenyolewa kavu. Uwanjani badilisha ya teksi tu, nyingine subiri mjini.

NesiWaMwananyamala · #11

Nimeona hakuna aliyegusa dawa na mimi siwezi kunyamaza.

Tramadol na vidonge vyenye codeine, ambavyo huku mtu anaweza kuandikiwa kwa mgongo au kikohozi, kule ni dawa zinazodhibitiwa. Kuingia nazo bila kibali ni kosa la kupelekwa mahakamani. Kama unazitumia kweli, omba kibali cha serikali ya Emirati mtandaoni kabla ya safari, beba cheti cha daktari, na dawa zikae kwenye pakiti yake. Usizimimine kwenye kichupa cha vitamini.

Miraa, mirungi, gomba, iite unavyoiita: ni dawa ya kulevya kwao. Ndugu zangu wa Meru na wa Same, majani yaliyosahaulika kwenye mfuko wa koti yanatosha kukuharibia maisha. Kung'uta mifuko.

Na usibebe kifurushi cha mtu, hata awe shemeji. "Ni dagaa tu za mtoto wa shangazi." Dagaa fungua, chambua.

Mwana Katanga · #12

Jambo yenu wote. Mie ni mutu ya Lubumbashi, mutanisamehe Kiswahili yetu. Ntapandia Emirates pa Lusaka, nafika Dubai, halafu Guangzhou. Ntangojea pale masaa kumi na moya. Sina viza. Ntalala wapi? Na mutu anaweza kunawa?

BintiKariakoo · #13

Karibu sana ndugu yetu wa Lubumbashi, Kiswahili chako kinaeleweka vizuri tu.

Wewe uko tiketi moja, kwa hiyo hutoki. Ukishuka fuata mishale ya wanaounganisha. Utakaguliwa upya, kwa hiyo maji ya kwenye chupa yamalize, chupa tupu ibaki. Kisha skrini, uone herufi.

Kulala: ndani ya eneo la abiria kuna hoteli, inaitwa Dubai International Hotel, huhitaji viza kwa sababu hujapita uhamiaji. Ni ghali. Vipo pia vyumba vidogo kama makabati vya kulala kwa saa, navyo vya kulipia. Muulize aliyekukatia tiketi kama unastahili hoteli ya bure ya Emirates, huwa wanatoa kwa wanaosubiri muda mrefu pale ambapo hakuna ndege ya mapema zaidi, ila inaombwa kabla. Wengine sisi tunalala kwenye viti. Beba kanga nzito au kikoi, maana baridi ya viyoyozi vyao haina huruma. Nje jua la nyuzi 45, ndani unatetemeka kama uko Makete.

Kunawa: vyumba vya sala viko kila upande, na sehemu za udhu. Kuoga kabisa unaweza hotelini au kwenye lounji, kwa kulipia.

Na weka alamu mbili. Yaliyonikuta 2013 nilikuwa nimeweka moja, kwa saa za Dar.

Mwana Katanga · #14

Aksanti mingi mama. Pa Lubumbashi saa zetu ni mbili nyuma ya Dubai, kumbe ningejikosesha.

FundiSaa · #15

Mnaochaji simu kwa pawabenki: tangu Oktoba 1, 2025 Emirates wanaruhusu moja tu kwa kila abiria, chini ya Wh 100, na hairuhusiwi kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege. Isiwe kwenye begi la chini, wala kabati la juu. Weka kwenye mfuko wa siti. Zile za mAh 20,000 kwa kawaida zinaingia ndani ya kikomo, za 30,000 zinazidi.

Na simu ya WhatsApp haipiti Emirati. Ujumbe unapita, sauti ya kurekodi inapita, kupiga hapana. Mwambieni aliye nyumbani asije akadhani mmekamatwa.

Mtoto wa Pili · #16

Wakuu, nimefuatilia uzi tangu juzi, naomba msaada wenu. Mama yangu ana miaka 71, hajapanda ndege maishani. Anakwenda kwa dada Birmingham, Emirates kutoka Dar, anabadilisha Dubai, saa nne katikati. Kiingereza chake ni "good morning" na "thank you". Anatembea, ila magoti yanamsumbua. Dada anasema asiende mpaka nimsindikize, nami nauli ya pili sina. Inawezekana peke yake?

BintiKariakoo · #17

Inawezekana, tena huyo mama atafika ametulia kuliko wewe.

Omba kiti cha magurudumu. Usione aibu na usimwache yeye aone aibu. Muambie siyo kwa sababu hajiwezi, ni kwa sababu njia ni ndefu, na ni kweli. Huduma hiyo ni bure, inaombwa kupitia shirika la ndege, angalau saa 48 kabla. Thibitisha ameandikiwa, usiishie kuahidiwa mdomoni. Akifika Dar anakabidhiwa mtu, Dubai anapokelewa mlangoni mwa ndege, anasukumwa kwenye ukaguzi, anapelekwa mpaka kwenye geti la pili. Hapo shida ya spika na herufi na treni inakuwa ya mwingine.

Lakini yapo ambayo mimi nimeyaona na hamtaambiwa kaunta.

Watu wa viti hukusanywa sehemu moja ya kungojea. Mama ataachwa pale, labda saa mbili, na yule kijana aliyemsukuma ataondoka. Hajamsahau, zamu imebadilika. Mwambie mapema: mama, hapo utakaa, usiinuke ukaanza kutembea kutafuta choo cha mbali bila kumwonyesha mtu. Nilimkuta bibi mmoja wa Tanga kanyanyuka hapo kwa kuona kasahaulika, anakwenda kinyume kabisa cha geti lake, anasema anatafuta mlango wa kutokea.

Mtengenezee kadi. Karatasi ngumu, uitoboe, uitie kamba avae shingoni ndani ya mtandio. Upande mmoja kwa Kiingereza: jina lake, namba za ndege zote mbili, kwamba anakwenda Birmingham, anaongea Kiswahili tu, namba ya dada yako na yako. Upande wa pili kwa Kiswahili, maandishi makubwa: "Nikifika Dubai nakaa kwenye kiti. Nasubiri. Nitaletwa." Ukimwandikia hivyo atakuwa anaisoma.

Mzigo uandikwe BHX (herufi za uwanja wa Birmingham) tangu Dar, umwangalizie wewe mwenyewe.

Dawa za presha kwenye mkoba wake, na cheti, si kwenye begi kubwa. Nguo moja ya kubadilisha pia. Chapati mbili kwenye mkoba zitamfaa, maana chai pale ina bei ya sahani ya pilau Kariakoo, na hata pesa ya kulipia hatajua kutoa. Mpe dirham chache zilizochenjwa.

Msafiri Kafiri · #18

Hiyo ya nguo na dawa mkobani msiichukulie kama ushauri wa mama mkwe. Tarehe 16 Aprili 2024 Dubai ilinyesha mvua ambayo haijaandikwa tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Njia za ndege zikawa bwawa. Watu walilala sakafuni zaidi ya usiku mmoja, mabegi yako kusikojulikana. Mtu mwenye insulini kwenye begi kubwa alifanyaje?

NesiWaMwananyamala · #19

Mtoto wa Pili, tena mama awe anainuka kidogo ndani ya ndege, akunje na kukunjua miguu, anywe maji. Miaka 71 na magoti, kukaa saa nyingi bila kusogea damu inaganda. Kabla ya safari amuone daktari wake.

Mpemba wa Maskati · #20

Na umwambie mama yako, akiona mzee wa kanzu na kofia ya mviringo ya kutarizi, ile kumma, amsalimie kwa Kiswahili tu. Ajaribu. Mara nyingi atajibiwa, tena kwa lafudhi ya Mji Mkongwe.

Zawadi_Mbeya · #21

Naomba kuuliza swali la ushamba. Mimi nashuka Dubai, viza ninayo, hoteli Deira. Teksi au Metro?

BintiKariakoo · #22

Si ushamba. Ukiwa na begi moja kubwa na moja dogo, Metro. Hicho ndicho kiwango chao, ukizidisha wanakuzuia. Mstari mwekundu una vituo Terminali 1 na 3, Terminali 2 haina. Kata kadi ya Nol, shuka Union, badilisha mstari wa kijani, kituo kimoja tu uko Baniyas Square, Deira yenyewe. Behewa la wanawake na watoto lipo, tafuta alama ya rangi ya waridi sakafuni. Usile wala kunywa humo, hata pipi, faini yake ni dirham 100.

Ila Metro inalala. Katikati ya wiki inafunga saa sita usiku na kuanza saa kumi na moja alfajiri, Ijumaa usiku inakwenda mpaka saa saba, Jumapili inaanza saa mbili asubuhi. Ndege zetu nyingi zinatua saa ambazo haipo, kwa hiyo teksi. Ya uwanjani inaanza kuhesabu kwenye dirham 25. Ukiwa mwanamke peke yako usiku, omba zenye paa la waridi, madereva wake ni wanawake. Wale wanaokufuata ndani wakinong'ona "taxi, madam", pita kama huwaoni.

Jirani254 · #23

Mrejesho. Nilipiga simu: mizigo isingeunganishwa, kama dada alivyosema. Nimekata viza ya saa 48. Nimetua T1, begi limetokea, nimechukua teksi hadi T2. Kwa umbali ni karibu, kwa foleni ni kama Thika Road saa kumi na moja jioni. Saa tano zangu zilibaki moja na nusu. Sasa niko F, naangalia skrini kama mlinzi.

KichwaNgumu · #24

Haya, nimekubali. Lakini basi nililipanda.

Mtoto wa Pili · #25

Wakuu, mama kafika Birmingham jana.

Kiti kilimpokea Dubai mlangoni. Anasema alisukumwa na kijana wa Nepal "mwenye adabu sana", hawakuelewana neno hata moja na waliongea njia nzima. Wakamweka pale pa kungojea, akasoma kadi yake, akala chapati moja. Ya pili alimpa mama wa Kisomali aliyekuwa kiti cha pembeni, nao wakawa marafiki. Hakuinuka. Dada anasema mpaka leo asubuhi hajaivua ile kadi, ameivaa juu ya sweta.

Malalamiko yake ni mawili: baridi, na kwamba hakuonyeshwa duka la dhahabu.

BintiKariakoo · #26

Mwambie akirudi apitie Deira, nitampeleka mwenyewe, niko huko mwezi ujao tarehe za katikati.

Mwana Katanga · #27

Mama, na Guangzhou je? Uwanja yake iko namna gani?

BintiKariakoo · #28

Guangzhou sijawahi, ndugu yangu. Ukishafika salama, uzi wa huko utauandika wewe.